Moyo wa Lovina

Kifua kikuu kilimuua Lovina, kisha kikamgeukia baba yake, Asahel, na watu wa milima ya Vermont, kaskazini mwa Marekani, hawakuhitaji daktari wa kuwaeleza sababu.

"Shemeji, tusizungushane," Obed, mdogo wake Asahel, alimwambia Keziah, mama yake Lovina. "Lovina hajalala yule. Anamnyonya baba yake uhai."

"Mwanangu hakunyonya mtu akiwa hai, aje kunyonya akiwa maiti?"

"Basi unaogopa nini tukiutazama moyo wake kama bado una damu?"

Hapo akamnasa. Akikataa, amekiri.

Lovina alikuwa bado hajazikwa. Ardhi ilikuwa imeganda tangu Januari, naye alilazwa na wafu wenzake katika kijumba cha mawe pale makaburini, wakingoja Aprili ilainishe udongo. Wanaume walipofungua jeneza, mashavu yalikuwa na wekundu. Kisu cha Obed kikaingia kifuani, kikatoka na damu.

"Mnaona? Amenawiri kuliko sisi!"

"Ni baridi hiyo!" Keziah alifoka. "Nawe kalale kwenye barafu, Obed, labda utapendeza kwa mara ya kwanza!"

Hakuna aliyecheka. Macho yakamwacha maiti, yakatua kwake. Mama gani huyu, anayemtetea mfu huku mumewe anateketea? Au ndiye anayemfungulia mlango usiku?

Moyo wakauchoma juu ya jiwe, majivu wakayakoroga kwenye maji yawe dawa ya mgonjwa, kama walivyofanya baba zao. Keziah alikipokea kikombe, akasimama nacho kando ya kitanda.

"Ukinywa, Asahel, umemwita mwanao shetani."

Asahel hakumtazama. "Mke wangu, nataka kuishi."

Akanywa.

Kesho yake aliamka hakohoi. Akaomba maharagwe na nyama ya nguruwe, akala, akaomba tena. Obed aliegemea mlango, meno yote nje.

"Haya, shemeji. Unasemaje sasa?"

Keziah alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, akiutazama ule mgongo alioufahamu kuliko wake mwenyewe ukipanda na kushuka kwa utulivu. Alimpenda. Lakini masikio alikuwa ameyatega, na kwa kila pumzi aliyoivuta mumewe, yeye aliomba kimoyomoyo: kohoa, Asahel. Kohoa, mwanangu asiwe na hatia.