Siti ya BSA

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Anuari alikuwa amekaa barazani kwake Mtaa wa Mafia, Kariakoo, anachovya kitumbua kwenye chai ya rangi, akapaliwa. Alikohoa mara tatu. Mara ya tatu ikatoka plagi ya pikipiki, ikaangukia kwenye kisosi. Mkewe Siwema aliiokota, akaifuta masizi kwa ncha ya kanga, akaiweka dirishani. Kisha akammiminia chai nyingine, maana ile ya kwanza ilishaingia oili.

"Ya chombo gani hii, Baba Sadalla?"

Mzee aliigeuza geuza. Tangu Siwema amjue, hakuna plagi iliyowahi kumshinda. Alikuwa akiijua kwa kuinusa tu.

"Sijui," akasema. "Labda ya cherehani."

Hapo ndipo Siwema alipoingiwa na hofu. Ile plagi haikumtisha, lakini lile jibu lilimtisha sana.

Ni hivi. Anuari aliwahi kumiliki pikipiki mbili ambazo mji huu haujaona mfano wake tena. Ya kwanza ilikuwa Husqvarna ya kurukia matuta, haina taa wala honi, aliyoachiwa na mhandisi wa Kiswidi wa barabara alipomaliza mkataba wake akashindwa kuisafirisha. Hiyo Anuari aliichezea kwenye mchanga wa Kisarawe na vilima vya Pugu, akawa anarudi nyumbani meno tu ndiyo meupe. Ya pili ilikuwa BSA Gold Star ya mwaka 1957, aliyoinunua kwa karani Mgoa wa Upanga. Watu walisema nchi nzima zilikuwa tano. Siwema hakuwahi kukutana na aliyezihesabu, lakini hakubisha, maana yeye ndiye aliyekuwa akipanda nyuma.

Zote ziliuzwa miaka ile matairi yalipoadimika, na hakuna aliyejua zilikoishia. Zikabaki hadithi. Kila baada ya swala ya alasiri Anuari alikaa barazani na kuanza, "Siku hiyo bwana, nimeipiga kiki mara moja tu..." na Siwema, ndani, huku akichambua mchele, akawa anamsahihisha kimoyomoyo. Alizijua hadithi zile mpaka pale mumewe anapovuta pumzi.

Sasa zikaanza kutoka. Kila kilichotoka kiliondoka na cha kwake. Plagi iliondoka na asubuhi ile walipozimikiwa Mlandizi. Cheni iliyomtoka Alhamisi, pingili kwa pingili, iliondoka na mashindano ya Kisarawe, pamoja na jina la aliyekuwa wa pili. Siwema alimpeleka zahanati. Daktari akampiga picha ya kifua, akaona spoku na ringi za pistoni, akaandika dawa ya kikohozi, vijiko viwili kutwa mara tatu.

Vifaa vidogo alivikohoa. Vikubwa vilikutwa kitandani alfajiri, vya moto, kama vilivyozimwa sasa hivi. Siku injini ya Husqvarna ilipotoka, Siwema alifua mashuka kwa sabuni ya mche tangu asubuhi hadi adhuhuri, na doa la oili halikutoka. Alilalamika sana kuhusu yale mashuka. Ilikuwa rahisi kulalamikia mashuka.

Sadalla, mtoto wao pekee, ana duka la spea za pikipiki mitaa mitatu kutoka hapo. Siku ile ya plagi alipita kuamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo." Macho yake yalishafika dirishani. Aliichukua plagi, akaikwaruza kwa ukucha, akaielekeza kwenye mwanga. "Mama," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeingia msikitini, "hii orijino."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na gunia la saruji mkononi. Husqvarna yote iliondoka ndani ya mwezi mmoja. BSA ilipoanza kutoka, Sadalla alipata mteja Sharjah, mtu anayekusanya pikipiki za zamani, aliyesema anaitaka nzima, isipungue hata nati.

Siwema ndiye aliyegundua jambo moja zaidi. Alimpa mzee kabureta ya BSA amshikie wakati anafagia, na mara mzee akacheka, akaanza kusimulia mvua ya Chalinze, yote, na matope yake. Alipoiweka chini akanyamaza, akauliza Chalinze ni wapi. Akishika kifaa, anakumbuka. Akikiachia, basi.

Alimwonyesha Sadalla, ajionee kwa macho yake. Sadalla alitazama baba yake akicheka na kabureta mkononi, akasubiri amalize, akampokonya taratibu, akaitia guniani.

"Sadalla," Siwema akasema, "unamchinja baba yako."

Huko Gerezani, mtaa wa mafundi na wauza spea, kuchinja si neno la matusi. Gari likiibiwa au likifa, huchinjwa: mlango unakwenda huku, taa inakwenda kule, na jioni hakuna gari. Sadalla alikulia kwenye neno hilo, kwa hiyo halikumchoma.

"Simchinji, mama. Vinatoka vyenyewe. Nikiviacha hapa vitaota kutu, tutakuwa na kutu na mgonjwa. Na wewe si unaona anavyochoka akikumbuka?"

Siwema akaingia jikoni amekasirika. Jibu alilipata huko, Sadalla ameshaondoka, na lilikuwa jibu zuri sana.

Ikafika siku BSA yote ikawa imeondoka, imebaki siti. Siwema alijua itakavyokuwa. Kila alichokijua Anuari kumhusu yeye alikijua akiwa juu ya ile pikipiki. Alimposa wakiwa juu yake, nje ya nyumba ya shangazi yake Siwema huko Magomeni, injini ikiunguruma ikabidi aulize mara mbili. Alimtoa harusini juu yake. Na ilikuwapo ile Jumapili.

Enzi zile za shida ya petroli, Jumapili ikigonga saa nane mchana, vyombo vya watu binafsi vilikatazwa barabarani. Wao walikuwa wanatoka Kibaha, Siwema ana mimba ya Sadalla ya miezi sita, saa nane ikawakuta Ubungo. Anuari akazima injini. Siwema akataka kushuka, akamkataza. Polisi akawasimamisha, na Anuari akamwambia, "Afande, mimi siendeshi. Nasukuma." Akasukuma kutoka Ubungo hadi Kariakoo, jua linawaka, Siwema amekaa juu ya siti na kikapu cha mihogo mapajani, anacheka mpaka tumbo linamuuma. Magomeni watu walitoka nje wakawapigia vigelegele, wakidhani ni bibi harusi. Katika maisha yake yote Siwema hakuwahi kupendwa hadharani kama siku ile.

Siti ilitoka Ijumaa. Alfajiri aliikuta katikati yao kitandani, ndefu, nyeusi, ina joto. Anuari alikuwa ameshaamka. Alimtazama Siwema, akavuta shuka mpaka kidevuni kwa adabu.

"Samahani, mama," akasema. "Nadhani umekosea chumba."

Siwema aliiweka siti sakafuni, akamshika mzee mkono, akamkalisha juu yake. Mzee akainua uso.

"Mama Sadalla! Mbona hujavaa viatu? Saa nane itatukuta njiani."

Basi akaamua. Sadalla siku hiyo alikuwa bandarini anatoa mzigo wake, asingepita hadi kesho. Siwema akaifunga siti kwenye mkeka, akamwacha mzee na Mektilda, mpangaji wao wa chumba cha mbele anayekaanga maandazi, akaenda zake Gerezani kwa Melkiori, fundi wa siti. Shauri lake lilikuwa jepesi: itengenezwe nyingine ya kufanana nayo, feki apewe Sadalla, orijino ibaki chini ya mzee mpaka Mungu atakapoamua vingine.

Melkiori ni mtu wa Masasi, mpole, na mikono yake ikiiga kitu, mwenye kitu mwenyewe hushindwa kukitambua. Aliipapasa ile siti muda mrefu kuliko kawaida.

"Hii kazi ya saa mbili, mama. Hapa jua kali, na adhana hiyo. Nenda kaswali, pumzika, ukirudi utakuta tayari."

Na Siwema akaenda.

Jamani. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo akiota meno tu anajua kwamba fundi husimamiwa. Unaleta kigoda, unakaa, unaikodolea macho mikono yake. Ukibanwa na haja unajibana hapo hapo. Anuari alilisema hilo kila wiki ya ndoa yao. Lakini Siwema hakuwahi kuhitaji fundi, alikuwa na Anuari, na lile neno lilikuwa limepita sikioni tu. Alikwenda kwa binamu yake, akaswali, akanywa maji, akajinyoosha kidogo.

Aliporudi zilikuwapo siti mbili, zimelala bega kwa bega, zimefanana hadi mshono.

"Hii yako, mama," akasema Melkiori, "na hii ya mwanao."

Siwema alimshukuru mpaka fundi akainamisha kichwa. Alirudi nyumbani na siti mbili kwenye bajaji, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Alimkalisha Anuari juu ya ile aliyoambiwa ni yake. Mzee aliinua mikono yote miwili mbele, akashika hewa, akatazama kushoto na kulia kama anayevuka Mtaa wa Msimbazi saa kumi na moja jioni.

"Mama, unaelekea wapi?" akauliza.

Akamkalisha kwenye ya pili.

"Panda, mama, twende. Wapi?"

Mektilda alikuwa mlangoni na kijiko cha kugeuzia maandazi. "Ulimsimamia yule fundi?" akauliza.

"Nilikwenda kuswali."

Mektilda akakaa chini, na maandazi yakaungua.

Kesho yake Sadalla alikuja bila gunia, amechangamka. Aliziona siti mbili, akatabasamu kama mtu mzima anavyotabasamu mtoto akijificha nyuma ya pazia.

"Hizo baki nazo, mama. Za sponji ya bodaboda hizo, Melkiori ameokoteza ngozi za siti kuukuu za madereva wa kwao Masasi akazishona. Orijino kaniletea mwenyewe jana jioni dukani. Gerezani yote inajua naitafuta siti ya BSA."

"Ulijua ni ya kwetu?"

"Nitaachaje kujua? Inanukia mafuta yako ya nazi." Alisema kwa upendo kabisa. "Orijino haijifichi, mama."

"Irudishe, Sadalla. Nakuomba mimi mama yako, irudishe. Ile ndiyo inayonijua."

Sadalla akatazama saa. Akasema imeshafungwa na wenzake, imeshapanda ndege, mteja ameshapigiwa simu. Akasema atamtafutia baba godoro zuri. Kisha akaenda chumbani kwa wazazi wake na kuinua shuka, kuangalia kama hakuna nati iliyobaki.

Akatoka, akamwamkia baba yake barazani. "Shikamoo, baba."

"Poa, kaka," akajibu mzee. "Nikusogeze?"

Siwema alikwenda Gerezani mara mbili. Kwenye kibanda cha Melkiori wanauza kava za simu, na waliopo wanasema amekwenda kwao kuoa. Hakwenda mara ya tatu.

Kikohozi cha mzee kimepona. Anakula vizuri, analala vizuri, mashuka ni masafi. Kila alasiri Siwema anamtandikia siti mojawapo barazani, maana bila siti anakaa tu na kutazama mikono yake. Wiki za mwanzo Siwema alikuwa akimkalisha kisha anaingia ndani kulia. Siku hizi halii. Jana, mchele ulipokuwa umeshachambuliwa, alijitanda kanga, akaja akakaa nyuma yake, upande upande kama anavyokaa mwanamke aliyevaa gauni.

"Wapi, mama?" Anuari akauliza.

"Nipeleke nyumbani."

"Nyumbani wapi? Mie mgeni mjini hapa. Utanielekeza."

"Nitakuelekeza," akasema Siwema, akapitisha mikono, akamkumbatia kiunoni.

Mzee aliiondoa ile mikono taratibu, mmoja mmoja, bila ukali.

"Shika keria huko nyuma, mama. Samahani. Mimi nina mke."

Siwema akapapasa mshono wa siti, siti ya kijana wa bodaboda asiyemjua.

"Anaitwa nani?"

"Candida," akasema Anuari, na sauti yake ikajaa. "Yuko Masasi. Mjamzito, miezi sita."

"Mungu amfungue salama," Siwema akasema.

"Amina, mama. Haya, twende. Nikate wapi?"

Keria haikuwapo. Siwema akashika ukingo wa baraza.

"Nyoosha tu," akamwambia.