Nililia Kama Ndama

Wifi yangu Judica ndiye aliyetaka kuni za juu. Za chini, alisema, zina moshi, zinamtoa machozi, na mumewe Benedict akimkuta analia anadhani kuna msiba. Benedict ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo naweza kusema bila woga kwamba hajawahi kumuuliza mtu analilia nini. Tukapanda. Kutoka Endasak unapita mashamba ya mahindi, unavuka korongo, halafu msitu wa mlima Hanang unakufunika kama mtu amekuvalisha gunia.

Wakati wa kwenda, maji ya korongo yalitulowesha vifundo tu. Mvua ya huko juu hatukuiona, tuliisikia. Ukungu ukashuka, miti ikabaki vigogo visivyo na vichwa. Tuliporudi na mizigo yetu, korongo lilikuwa linapitisha mawe, yanagongana kama watu wanaohamisha makabati. Judica akasogea ukingoni atazame vizuri, udongo ukamomonyoka chini yake. Sikumwona akianguka. Nilisikia mfupa.

"Wifi," akaniita kwa upole kabisa, "njoo uone mguu wangu unatazama wapi."

"Unatazama Singida," nikamwambia, maana kumdanganya kusingeunyoosha.

Nilimburuta kwa shuka mpaka chini ya mti mkubwa, mizizi yake imesimama kama kuta. Kiberiti kilikuwa kimegeuka uji. Simu yake ilikuwa inachajiwa dukani kwa Hajira. Yangu ilikuwa na chaji na haikuwa na mtandao, ikabaki tochi. Nilikata majani mengi nikamtandikia, kwa sababu baridi ya mlimani inapanda kutoka ardhini. Mguu niliufunga na vijiti viwili kwa kitenge changu, nikabaki na gagulo. Nikamwambia chui akiniona hivi atakimbia mwenyewe.

Hakucheka. "Usimtaje."

Giza likianza kuingia, sauti ikatoka ng'ambo ya korongo. "Judicaaa." Ilikuwa ya Benedict, au ya kitu chenye mafua ya Benedict. Nikafungua mdomo niitikie. Judica akaniziba kwa kiganja chenye matope.

Sisi wanawake wa kuni hatuitani majina humo msituni. Tunaitana "we", tunapiga mluzi, tunatukanana kidogo. Jina lako likiitwa huko juu, huitikii. Aliyeitikia, wanasema, hushuka mwili tu. Mama yake Judica aliitikia. Alishuka, akapika, akala, na hakusema tena na mtu mpaka tulipomzika. Nilimjua. Mimi nacheka karibu kila kitu, lakini hilo sikuwahi kulicheka.

"Ni mumeo," nikamnong'oneza.

"Mume wangu ananiita Mama Felician. Lini umemsikia akiniita Judica?"

Hapo alinishinda. Sauti iliita tena, ikazidi kwenda chini, ikaisha.

Usiku ule siutaki hata kwa hadithi. Nilimfinya kila aliposinzia, nikamsimulia aibu zote za ukoo wetu, na kwetu hazikosekani. Kuna kitu kilikuwa kinatudondokea mara mojamoja. Nilidhani ni maji ya majani, ila kilikuwa kizito kuliko maji.

Kulipopambazuka nikatazama juu. Kwenye panda ya mti ulining'inia mguu wa ndama. Jirani yetu Nikolausi alikuwa amepoteza ndama wiki ileile, akawashuku vijana wa bodaboda. Aliyempandisha pale hakuwa na bodaboda. Chui akiweka nyama mtini, anarudi kuila. Tulikuwa tumelala jikoni kwake.

Sikumwambia Judica. Alikuwa ameacha kutetemeka, na mwanzoni nikafurahi. Halafu akaniuliza kama nimewafungia mbuzi, akaanza kufungua vifungo vya sweta akisema kuna joto. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu. Nikajua asipopata moto na watu wa kumbeba asubuhi hiyohiyo, nitashuka peke yangu.

Ndipo zikasikika sauti za wanaume, upande huu wa korongo. Walikuwa wamevuka. "Judica. Fransiska." Zilikuwa zinapita kushoto, mbali na sisi.

Judica akanikamata mkono. Akili iliyobaki aliitumia yote hapo. "Ukiitikia, umeniitikia na mimi. Niache hapahapa."

Ningeweza kuitikia kwa jeuri. Lakini namfahamu. Angefika nyumbani, angekaa pembeni ya jiko akijihesabu maiti mpaka awe maiti kweli, kama mama yake. Mluzi nilijaribu, maji yakaumeza, na kupiga kelele kwa sauti ya mtu kungekuwa kuitikia. Basi nikavuta pumzi nikalia kama ndama aliyenaswa. Nimefuga tangu utotoni. Najua analiaje, wapi anavuta, wapi anakatisha. Nilijua pia nani mwingine anaijua sauti ile.

Kule chini mtu akasema, "Ndama huyo. Wa Nikolausi. Yuko hai." Nikasikia miguu. Kwa majina yetu walikuwa wanatembea. Kwa ndama walikimbia.

Nikalia tena. Ndege wa upande wa juu wakanyamaza wote kwa pamoja. Majani yakasogea huko, na upepo haukuwepo.

Nikinyamaza, wanaume wanapotea kwenye ukungu. Nikilia, wanakaribia wote, wa chini na wa juu. Nilimpa Judica mgongo, nikashika panga la kuni, nikalia. Majani yakasogea karibu zaidi. Harufu ikanifikia, kama ya banda la paka. Kati ya mizizi ya mti wa pili niliona madoa, majani yalitikisika na madoa hayakutikisika. Nililia tena, na safari hii sikuwa naigiza sana.

Benedict akatokea wa kwanza, matope mpaka kiunoni, kamba ya ng'ombe mkononi. Akatazama nyuma yetu.

"Ndama yuko wapi?"

"Ndiye huyu, na magoti yanamuuma," nikasema, nikijionyesha kwa kidole.

"Shikamoo, dada," akasema, woga umemkumbusha adabu. Kisha akamwona mkewe. "Mama Felician."

Judica akafumbua macho. "Huyu sasa ndiye," akasema.

"Jana kwa nini ulimwita Judica?" nikamuuliza.

"Kina Mama Felician wako wengi kijijini. Niliogopa aje mwingine."

Walimvalisha makoti yao, wakamfunga kwenye shuka na miti miwili. Nikolausi alikuwa bado anatafuta ndama wake. Akatazama juu, akamwona. Alitoka mbele akaja kutembea nyuma yangu, panga nje, na alitembea kinyumenyume.

Tulimvusha kwa kamba, mikono kwa mikono. Ng'ambo wakawasha moto kwa mafuta ya pikipiki, wakamnywesha chai kwa kifuniko. Baada ya muda meno yake yakaanza kugongana, mwili mzima ukatetemeka, akaniambia nivae nguo, ninamtia aibu mbele ya watu. Nikajua amebaki nasi, mwili na roho.

Wanaume wakapata nguvu ya kucheka. Benedict akasema, "Dada, hebu lia tena wasikie hawa waliobaki huku."

Nilikataa. Upande tuliotoka, majani yalikuwa yanasogea mpaka ukingoni, na maji ya korongo yalikuwa yanapungua.