Ramani ya Kichanga cha Mwinyi

Mabruki mshona viatu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kwao. Si kwamba alipata kukuona huko kwao. Alizaliwa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora, akatahiriwa Ng'ambo, akaoa akiwa Ng'ambo, na bahari aliijua kwa kusikia. Lakini ukikaa kwenye kibaraza chake ukisubiri akutie msumari kwenye katambuga zako za tairi, utake usitake, utasikia habari za Kichanga cha Mwinyi, kijiji cha pwani ya Mrima alikotoka babu yake na msafara. Utaambiwa jinsi mito miwili inavyoingia baharini kwa pamoja, na kilima ambacho ukikipanda asubuhi unaiona Unguja, na kisima cha nyuma ya msikiti ambacho maji yake ni machungu mpaka uyazoee.

Aliyekuwa akimkata kauli ni Abbasi, fundi cherehani wa kibaraza hichohicho, balozi wa nyumba kumi na rafiki yake tangu wakiwa watoto. "Kijiji chako kinaota vitu kama uyoga," Abbasi husema. "Mwaka jana hakikuwa na kilima." Akiudhika zaidi humgusa penye kidonda. "Babu yako naye aliitwa Mabruki. Nionyeshe mwungwana wa Mrima aliyempa mtoto wake wa ndoa jina la Mabruki. Hilo ni jina la mtu aliyenunuliwa."

Hapo kibaraza kizima hucheka. Tusidanganyane, waliokuwa wakicheka wengi wao walikuwa na majina ya namna hiyohiyo, na kila mmoja alikuwa na Mrima yake mfukoni. Ng'ambo ya siku zile ilijaa watu wa pwani ambao hawajawahi kunusa ngalawa. Tofauti ni kwamba wenzake waliijua mipaka ya mzaha, na Mabruki hakuijua.

Ukaja mwaka ule wa sukari ya foleni na sabuni ya kukatiwa vipande, ikatolewa amri kwamba kila mwenye nguvu lazima afanye kazi inayotambulika, na asiyenayo arudi kijijini kwao akalime. Kukata matairi barazani bila leseni hakukutambulika. Vijana wa kuandikisha walipopita nyumba kwa nyumba na kumwuliza Mabruki kwao ni wapi, mtu mwenye akili zake angeinamisha kichwa na kunung'unika kitu kisichoeleweka. Yeye alinyoosha mgongo.

"Kwetu Mrima, mwanangu," akasema. "Kichanga cha Mwinyi. Andika vizuri."

Kijana akaandika vizuri. Haukupita muda mrefu, Mabruki akapewa habari kwamba atasafirishwa kwa treni pamoja na wengine wa mikoa ya pwani, ila kwanza afike mbele ya meza ya uhakiki katika ofisi ya tawi. Alikuwa amejipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe.

Angekuwa peke yake huenda angeondoka akiimba. Lakini alikuwa na mkewe Sikuzani, mwanamke wa kijiji cha Kigwa, ambaye moyo wake ulikuwa umetanuka. Miguu ilimvimba, pumzi ilimkatika akitoka jikoni hadi uani, na aliishi kwa dawa za hospitali pale Kitete. Daktari alikwisha sema safari ndefu asiifikirie. Mtoto wao mmoja, Nassibu, alikuwa mbali machimboni Mwadui. Mabruki akiondoka, hakuna wa kumshika Sikuzani mkono mpaka Kitete, wala wa kumwinua usiku akitafuta hewa. Mabruki alilijua hilo, likamnyima usingizi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani asingekuwa na kwao.

Abbasi alizunguka ofisini akiuliza, akarudi na njia. Alimvuta rafiki yake nyuma ya cherehani.

"Sikiliza. Mnyamwezi wa hapa anabaki, lakini wewe si Mnyamwezi, huna ukoo wala mtemi wa kumtaja. Mtu wa pwani anarudishwa pwani. Anayebaki mwingine ni yule anayetokana na walioletwa. Watu waliokamatwa huko upande wa pili wa ziwa wakiwa wadogo, wakauzwa hapa, hawajui walikotoka. Asiyejua alikotoka atarudishwa wapi? Huyo anapewa shamba pembeni ya mji na analala kwake. Mimi kama balozi nitasema hivyo. Wewe itikia tu."

"Niitikie kwamba babu yangu alikuwa mtumwa?"

"Uitikie ubaki na mkeo."

"Abbasi, umenitukana miaka yote hiyo kwa mzaha," Mabruki akasema. "Leo unataka nilipigie muhuri tusi lenyewe."

Akaondoka kwa hasira, kobazi moja ya mteja ingali mkononi. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na ya kipumbavu pia, maana hakuwa na njia nyingine. Akapitia dukani kwa Popatlal kununua chumvi.

Mzee Popatlal siku hizo alikuwa akifungua ubao mmoja tu wa mlango. Ukaguzi ulikuwa mwingi na bidhaa chache, na mwenye duka aliogopa akikutwa na kitu, akaogopa akikutwa hana. Alimpimia Mabruki chumvi, akaifunga kwenye karatasi nene yenye rangi ya samawati upande mmoja na vimistari vya kahawia upande wa pili, vimejikunja kunja kama alama za kidole gumba.

"Hii ni karatasi gani, mzee?"

"Ramani. Idara fulani walisafisha stoo, wakauza karatasi kwa kilo. Mimi nikanunua za kufungia." Popatlal akaigeuza ile pakiti. "Hii samawati ni bahari. Jana nimemfungia mtu majani ya chai, halafu nikaona nimekata Pangani katikati. Mimi nimezaliwa Pangani. Wewe Tabora wanakuambia kwenu Mrima, mimi wa Mrima wananiuliza kwetu Bombay mtaa gani. Tungeweza kubadilishana."

Mabruki hakucheka. Aliuliza kama karatasi za pwani zimebaki nyingine.

Waliingia nyuma ya duka, wakalifungua lile furushi juu ya magunia matupu. Nyingine zilikuwa za bara, nyingine zimeliwa na mchwa. Za pwani zilikuwa za aina mbili. Za zamani zilikuwa za Wadachi, yaani Wajerumani, njano, zimechorwa kwa mkono, vilima vimetiwa manyoya kama viwavi. Za baadaye zilikuwa za Waingereza, zimepigwa kutoka kwenye ndege, na miinuko yote imepimwa. Popatlal alivaa miwani, akaanza kushuka na ufuo kutoka Pangani, akisoma jina moja baada ya jingine kwa sauti, na Mabruki akiwa amechuchumaa, kidole kikifuata nyuma ya kidole. Kila rasi na kila ghuba ilimpandisha roho. Nusu ya majina hayo Popatlal aliyajua, akasema hapa palikuwa na mnazi wa mjomba fulani, hapa tuliogelea, hapa palikuwa na mtego wa samaki. Kisha akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Kichanga cha Mwinyi," akasoma.

Mabruki alimwomba asome tena, akasoma tena. Kilikuwepo. Palikuwa na mito miwili, mmoja ukiuegemea mwingine kabla ya kuingia baharini. Kilima kilikuwepo, kidogo, nyuma ya kijiji. Palikuwa na alama ya msikiti, na nyuma ya msikiti kiduara ambacho Popatlal alisema ni kisima. Kutoka kisimani mstari wa vidoti ulitoka kwenda magharibi, ukapita kwenye minazi, ukapita kando ya kilima, ukaishia penye ukingo wa karatasi.

"Hii ni njia ya wapagazi," Popatlal akasema. "Ukiongeza karatasi nyingine, na nyingine, inakuja mpaka hapa."

Mabruki akalia. Mwanamume mzima mwenye mvi, alilia mbele ya Mhindi na magunia, na wala hakuficha uso. Babu yake hakuwa mwongo. Yale yote yaliyochekwa barazani yalikuwa yamekaa kimya stoo, yamechorwa na watu waliopita huko kwa miguu na kukiona kile kisima.

Popatlal akaitandaza ya Waingereza juu yake, mahali palepale. Hapakuwa na kitu. Mto mmoja ulikuwa umehama, na pale penye msikiti palichorwa alama za mikoko na matope. Bahari na mto vilikuwa vimekigawana kijiji.

"Kimekwenda," Popatlal akasema. "Wakikupeleka, watakushusha kijiji cha jirani, kwa watu wasiokujua."

"Lakini kilikuwepo."

"Kilikuwepo." Mzee akavua miwani. "Ila, Mabruki, ramani inaonyesha kisima. Haionyeshi nani alikuwa akiteka maji, na nani alikuwa akitekewa."

Mabruki alilisikia neno hilo, akalikataa papo hapo. Akaikunja ramani ya Wadachi, akaitia kifuani ndani ya kanzu, akasahau chumvi.

Nyumbani alimtandazia Sikuzani kitandani, akamwonyesha kila kitu. Sikuzani aliegemea mto wake, akatazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Ni kuzuri, Baba Nassibu," akasema. Akavuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Sasa wakikupeleka huko, mimi Kitete nitaenda na nani?"

Hakumlaumu wala hakulia. Aliuliza tu. Mabruki aliikunja tena ramani. Furaha yake ya mchana kutwa iligeuka uchungu.

Siku ya uhakiki waliketi kwenye mabenchi ya ofisi ya tawi, nusu ya Ng'ambo. Mezani alikuwa kijana mmoja aitwaye Lugembe, mpole, macho mekundu kwa uchovu, aliyewaamkia wazee shikamoo kabla ya kuwaambia watasafiri lini. Mabruki alikuwa na ramani kifuani. Ukimwuliza aliibebea nini, asingeweza kukujibu. Aliitwa, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Abbasi alikwisha nyanyuka. "Huyu namjua tangu tuko watoto, na nyumba ni ya ubalozi wangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Huyu hana pwani. Babu yake aliletwa mdogo, akauzwa hapa, hakujua alikotoka. Hayo mengine ni maneno yake ya barazani."

Lugembe akatazama karatasi zake. "Hapa mzee mwenyewe alisema Kichanga cha Mwinyi. Tumekitafuta, hakimo katika vijiji vinavyojulikana." Akainua uso. "Mzee, kipo au hakipo?"

Watu wote walimgeukia. Karatasi ilimkwaruza mbavu. Angeitoa tu na kuitandaza pale mezani, ingemaliza kila kitu, Abbasi angefumbwa mdomo mbele ya mji mzima mpaka siku ya kufa kwake, na babu yake angesafishwa jina. Alitamani. Mungu anajua alivyotamani, mkono ulikwisha panda mpaka shingoni mwa kanzu. Kisha akasikia pumzi ya Sikuzani, ingawa Sikuzani alikuwa nyumbani.

"Lilikuwa domo tu, mwanangu," akasema. "Babu yangu aliletwa. Hatujui alikotoka."

Alingoja kicheko. Alikuwa amejiandaa nacho, angekichukua kama alivyokichukua miaka yote. Hakuna aliyecheka. Lugembe akaandika, akasema mzee atabaki na ataonyeshwa shamba lake upande wa machimbo ya udongo, akamwita anayefuata. Maisha yake yote Mabruki alisema pwani bila ushahidi, hawakumwamini. Siku aliyokuwa na ushahidi ndani ya nguo yake akasema hana kwao, na wakamwamini mara moja.

Nje Abbasi alimshika mkono, akauweka kifuani pake. Macho yake yalikuwa na machozi. "Leo umesema kweli, ndugu yangu," akasema. "Najua ilivyokuchoma. Mimi sitalirudia tena lile neno la jina, na atakayelirudia atanikuta."

Mabruki aliikandamiza karatasi kifuani kwa mkono mwingine. Kuitoa ramani sasa kulikuwa kukiri kwamba ameidanganya serikali, na kwamba balozi amemsaidia. Wote wawili wangeondoka, mmoja kwenye treni na mwingine rumande. Na Sikuzani alikuwa nyumbani, amekaa mlangoni, akingoja kuambiwa kama yupo mtu wa kwenda naye Kitete.

Alikwenda naye. Aliendelea kwenda naye miezi yote iliyofuata, akalima shamba lake asubuhi na kushona viatu jioni, na hakuna aliyemsumbua tena. Kibarazani walimpisha mahali pazuri pa kukaa. Mazungumzo yakikaribia pwani, mtu angekohoa, na habari ingegeuzwa kuwa ya mvua au ya foleni. Walimwonea huruma. Walikuwa wema kwake kwa namna ambayo hakuiweza.

Jioni moja uvumilivu ulimwisha. Alikuwa akipiga msumari, akaitua nyundo, akasema kwa sauti yake ile ya zamani, "Mimi naelewa hamjui, lakini pale Kichanga cha Mwinyi palikuwa na kisima cha pili. Maji yake matamu kama asali. Na kilima si kimoja, ni vitatu, tena vikubwa kuliko vya hapa." Ulikuwa uongo mtupu, ameubuni papo hapo, mkubwa kiasi ambacho hata mtoto angeukamata. Akamkazia macho Abbasi, akimwomba kimoyomoyo amkate kauli kama zamani.

Abbasi alipunguza mwendo wa cherehani. "Ndiyo, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Maji matamu." Akaendelea kushona.