Shujaa wa Darajani

Mama aliichukua ile nishani, akaigeuzageuza, akainusa.

"Inaliwa?" akauliza.

Kaka yangu Nwabueze alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa ametembea kutwa nzima kutoka kambini, ana ruhusa ya siku tatu, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye kope. Vita vya Biafra vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, nasi, nje kidogo ya Umuahia, tulikwisha kula hata viazi vikuu vya mbegu. Redio ilikuwa imemtaja kwa jina: alijilaza mtaroni peke yake na bomu la kienyeji, akalipua gari la deraya darajani, wenzake wakapata nafasi ya kurudi salama. Wazee wa ukoo walimtambikia kwa maji, maana tembo halikuwepo.

Lakini macho yake yalikuwa kwa Ihuoma. Kitinda mimba wetu alikuwa ameketi kizingitini, miguu imevimba, nywele zimekuwa rangi ya kutu. Hakumkimbilia kaka yake kama zamani. Alimtazama tu.

"Huyu mtoto mmemfanya nini?"

"Viulize vita vyako," mama akajibu.

Ruhusa ilipokwisha, Nwabueze hakurudi kambini. Alimbeba Ihuoma mgongoni kwenda kituo cha mapadri, kulikogawiwa maziwa na samaki mkavu.

"Kaka, watasema umetoroka," nikamwambia.

"Nani? Mimi? Juzi tu wamenivisha nishani, Ugodiya! Acha woga wako."

Ihuoma alikunywa maziwa, akatabasamu mara moja, akafa kabla ya juma kwisha. Nwabueze alimrudisha mgongoni vilevile alivyompeleka, akakataa kupokewa, akachimba kaburi mwenyewe.

Polisi wa jeshi walikuja kesho yake asubuhi, udongo haujatutoka kwenye kucha. Walimpigia saluti.

"Shujaa, kamanda anakuita."

Mama alisema huenda anapandishwa cheo. Nikapuliza makaa ya pasi, nikamnyooshea shati. Alibandika nishani kifuani, akaondoka nao wakitaniana kuhusu mpishi wa kambi, kwamba supu yake hata adui angeirudisha.

Mchana milio ya bunduki ilisikika upande wa uwanja wa shule. Hatukushtuka, tulikwisha izoea. Nilikuwa natwanga majani ya mihogo mjomba Okwudili alipotokea, asibishe hodi, akasimama mlangoni akimwita mama kwa jina. Mama alikaa chini pale pale, ghafla.

"Watoro wamezidi," mjomba akasema. "Walitaka mfano. Wamesema, kama shujaa hakusamehewa, nani atasamehewa?"

Mimi niliendelea kutwanga. Majani yalikwisha lainika, nami nilitwanga tu. Mikono ilikataa kunisikia, mpaka mjomba akaja kuninyang'anya mchi.

Vita vilipokwisha, askari wa serikali tuliyopigana nayo walipita nyumba kwa nyumba. Mmoja, kijana mpole, aliingia kwetu, akavua kofia, akamwamkia mama kwa adabu.

"Mama, tunamtafuta Nwabueze, yule wa darajani. Usiogope, hatumdhuru. Tunataka kumwona tu."

Mama alimsogezea kigoda.

"Mlimtafuta sana, mwanangu, hamkumpata," akasema. "Sisi tulimpata."