Kuta za Ndala

"Nimeboronga," alisema Nikodemu, kopo likimning'inia mkononi. "Mtaa mzima nimeujenga, kuta nimezisahau!"

Hakuna aliyemlazimisha kukiri. Tena dakika chache tu kabla ya hapo alikuwa anacheka kuliko wote.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua za Elinino. Nikodemu alikuwa na stashahada ya mambo ya maji na hana kazi, maana alishapunguzwa yeye na wenzake. Pale Sinza bondeni walimwita Injinia, nusu heshima nusu kejeli, naye aliitikia zote mbili. Mto ulipoanza kupanda, alikwenda kwenye banda la rafiki yake Kasimiri, mchonga vinyago, akaomba kona moja chini ya bati. Akaufinyanga mtaa wao kwa udongo, akifuata ramani ya viwanja: mwinuko huu, kichochoro kile, bonde lile. Kasimiri akamchongea vijumba kwa vipande vya mbao. Mvua yao ilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu, na ili waone maji yanakokwenda, walinyunyizia vumbi la mbao juu yake.

Kila wakimwaga, vumbi lilitawanyika katikati ya nyumba, likapungua nguvu, likaishia bondeni. Kijumba kimoja hakikuguswa hata mara moja: chekechea, pale kichochoro kinapoishia.

Ndiyo maana asubuhi ile Nikodemu alimbeba Bi Hamisa mgongoni, akamtoa kwenye chumba chake kando ya mto, akampeleka chekechea. Bibi alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, miguu ilishamgomea. Nikodemu mtu wa Songea, na kwa mazoea yao waliitana watani.

"Mtani, ukinizamisha," bibi alimwambia njiani, "jeneza langu utalibeba peke yako. Na mie nitajifanya mzito."

"Kuzidi hivi?" Nikodemu akauliza, akala kofi la kisogo.

Akamlaza juu ya meza ndogo za watoto zilizounganishwa, akamfunika, akarudi bandani roho yake kwatu.

Mchana mvua ikazidi. Munira, mwenye nyumba iliyopakana na kichochoro, akaingia bandani kujibanza. Akauzunguka ule mtaa wa udongo, akaitafuta nyumba yake, akaiona, akanuna.

"Injinia, mbona nyumba yangu iko uchi? Ukuta wangu uko wapi?"

"Kwenye ramani haumo, dada."

"Ramani ya lini hiyo, ya enzi za foleni ya sukari? Siku hizi nani hana ukuta? Nimebeba marobota ya mitumba Manzese mpaka kiuno kikasema basi, halafu wewe unanifuta hivi hivi! Hebu niwekee ukuta wangu."

"Mwekee," Kasimiri akadakia, "usije ukaitwa mwizi wa tofali."

Nikodemu akacheka mpaka akakohoa. Akavua ndala yake iliyochoka, akaikata vipande kwa kisu cha Kasimiri, akausimamisha ukuta wa Munira kwenye udongo. Na kwa kuwa ndala ilishaharibika, akawagawia na majirani, huku na huku, mpaka kichochoro kikabanwa na kuta pande zote mbili, kama kilivyo kweli. Akainamisha kopo.

Safari hii vumbi halikutawanyika. Lilijikusanya, likaingia kichochoroni, likateremka mbio moja mpaka mwisho. Kijumba cha chekechea kikapinduka.

Kicheko kikakatika. Hapo ndipo aliposema ameboronga.

Akakisimamisha kijumba, akamwaga tena. Kikapinduka tena. Akachomoa vipande vya ndala kimoja kimoja, akamwaga na kurudishia, na kimoja tu ndicho kilichosaidia: cha Munira. Vumbi likapinda, likakatiza uani kwake, likapita juu ya sebule yake, likashukia bondeni. Upande ule wa bondeni Munira hajajenga ukuta bado, ana michongoma tu. Chekechea ikabaki imesimama.

Waliona wote watatu. Munira alikuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Kasimiri akabeba mtaimbo na kamba, wakatoka mbio, Nikodemu na ndala moja mguuni. Walipofika, kichochoro hakikuwa kichochoro tena. Maji ya kahawia yalikuwa yanashuka kati ya kuta mbili kwa mngurumo, yamebeba kuni, masufuria, mlango wa choo cha mtu. Kasimiri akajifunga kamba, akatia mguu. Maji yakampindua pale pale, Nikodemu akamvuta amejaa matope mpaka puani.

"Hapapitiki," Kasimiri akahema. "Na ukuta wa Munira huwezi kuubomoa umesimama humu. Mpaka uingie uani."

Geti la Munira lilikuwa upande wa juu, pakavu, limefungwa kwa kufuli kubwa.

"Mtani!" Sauti ya Bi Hamisa ikapenya kwenye nondo za dirisha. "Chumba kinaingia maji! Hii ndiyo elimu yako?"

"Nakuja, bibi! Usianze kujifanya mzito!"

"Meza moja inaelea! Wewe mtani wewe, nikitoka hapa…"

Mngurumo wa maji ukamkata kauli. Nikodemu akasubiri matusi yaendelee, maana bibi hakuwahi kukosa la kumalizia. Yalipokuja hayakuwa matusi.

"Niko," aliita. Siku zote hakuwahi kumwita jina lake. "Niko, baba, fanya haraka."

Nikodemu akageuka. Munira alikuwa amesimama mbele ya geti lake, kanga imemganda mwilini, na kwenye pindo la kanga fundo dogo gumu. Ndimo alimotia ufunguo. Alikuwa amelishika lile fundo kwa mikono miwili. Nyuma ya geti paa jipya la bati lilimeta kwa mvua, na pazia la sebule lilikuwa limefungwa vizuri, kwa utepe.

Utani wote ulimtoka Nikodemu. Akapiga goti moja kwenye tope.

"Dada Munira, umeona mwenyewe maji yatakapopita. Sikudanganyi, yatapita ndani. Nakuomba ufunguo."

Mvua ilipiga bati. Kasimiri alitazama chini. Munira alitazama pazia lake.

"Dada Munira. Nakuomba."