Bibi Aliyefungiwa Stoo

Mwaka ule bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, kambini kwetu hakuna sabuni wala sukari, na shuleni kwetu, mbele kidogo ya Tongoni, tulikalia matofali. Kitabu kimoja cha Kiswahili tulikisoma watoto watano, vichwa vimegusana. Ndipo Mwalimu Ruthi, Msambaa mwenye sauti ya chini, alipoleta boksi la vitabu vya hadithi alivyopewa na jamaa zake wa misheni.

Nilichopata mimi kilisimulia habari za msichana wa kambi ya mkonge na bibi yake. Bibi huyo alikuwa na chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti kilichopenyezwa kwenye mdomo wa juu, sawasawa na bibi yangu, Mmakonde aliyevuka mpaka, mto Ruvuma, na babu kuja kukata mkonge. Sikuwahi kumwona mtu wa kwetu kitabuni. Shuleni jina langu, Praxeda, halikuwa na kazi. Niliitwa Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo, na nikipita wenzangu walivuta mdomo wa juu kunikejeli. Lakini katika hadithi ile bibi wa ndonya ndiye aliyewavusha watoto mto uliofurika. Nilikisoma nikakirudia, kisha nikamwazima Asmahani, binti wa Kidigo niliyekaa naye.

Alipomaliza akaniuliza, "Kwani bibi yako uji anakunywaje?"

Nikacheka, nikamweleza. Siku zote walinicheka, hakuna aliyewahi kuniuliza. Baada yake wengine darasani wakakipokezana.

Wiki haikuisha. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Fadhil, alisimama gwarideni akiwa na nakala ya kitabu kile mkononi.

"Sisi ni Watanzania, hatuna makabila hapa," alisema. "Kitabu cha chale na ndonya kinarudisha ukabila na ushenzi. Kuanzia leo marufuku."

Boksi likafungiwa stoo pamoja na majembe. Shule haina chaki, ikapata nguvu ya kufungia vitabu! Changu sikukirudisha. Wakati wa mapumziko nilikaa kwenye ngazi za ofisi yake nikasoma kwa sauti. Akanichapa mikononi. Kesho yake nikarudi palepale, na Asmahani akaja kukaa pembeni yangu. Mwalimu Fadhil akaniamuru nilete mzazi.

Mama aliogopa. "Sisi wageni, mwanangu. Mgeni hapayuki."

Bibi akaweka chini ungo wake. "Nimekata mkonge wa nchi hii mpaka vidole vimepinda. Ugeni wangu unaisha lini?"

Akajifunga kanga, tukaenda. Watoto walitufuata hadi mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, bibi," Mwalimu Fadhil alisema, maana hakuwa na njia nyingine.

"Marahaba. Nasikia umenifungia stoo."

"Si wewe, bibi. Ni kitabu."

"Aliyemo ana uso huu huu. Uso huu una kosa gani?"

"Watoto watajifunza ukabila."

Nikasogea mbele ya bibi. "Mwalimu, waliniita Mmawia kabla kitabu hakijaja. Ulikuwa unasikia. Mbona hilo hukulipiga marufuku?"

Akainamia karatasi zake. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kitabu changu nilichokuwa nimeshika. "Stoo haifunguliwi," akasema.

Bibi hakubishana. Alitoka, akakaa kwenye ngazi, akawaita watoto. "Kitabu kimefungwa. Haya, nitazameni mwenyewe." Asmahani akaomba aguse chale, wengine wakasogea, na bibi akaanza kuwasimulia jinsi walivyovuka Ruvuma usiku. Mwalimu Fadhil alipiga kengele ya kuingia darasani. Akapiga tena, kwa hasira. Hatukuinuka mpaka bibi alipomaliza.

Kabla muhula haujaisha Mwalimu Ruthi alihamishiwa shule ya mbali, Mkwaja. Miaka michache baadaye shamba la mkonge lenye shule yetu likauzwa kwa mtu binafsi, na stoo ilipofunguliwa boksi lilikuwa udongo wa mchwa.

Darasa letu, lililomsoma bibi na kumgusa, liliniita Praxeda hadi namaliza la saba. Wadogo zangu wawili walikuja nyuma, wakati bibi ameshafariki na vitabu havipo. Wao waliitwa Wamawia kila siku, na mmoja aliacha shule darasa la nne. Watu huniambia yamepita, nimsamehe Mwalimu Fadhil. Kile kiboko nimemsamehe. Lile boksi, simsamehe.