Likizo ya Sweta la Kijivu

Jana nililala chali, kama alivyoagiza daktari aliyenipunguza matiti, na kabla sijamaliza kuulaumu mto niliota nimesimama mlangoni kwa fundi Mama Kulwa, nimevaa sweta la kijivu, nimekumbatia mkoba.

Nieleze kwanza shida yangu, maana hata ndotoni nilikwenda nayo. Wifi yangu Kalunde anamwoza binti yake. Wanawake wote wa ukoo tunashona sare, na Mama Kulwa ana tabia moja: husoma vipimo kwa sauti, msaidizi wake aandike, benchi zima lisikie. Ukweni hawajui habari ya upasuaji. Niliwaambia nakwenda semina ya walimu Dodoma. Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kumtumia fundi vipimo vya zamani, nikavae gunia kwa amani.

Mlango umezibwa na mzani wa bucha. Mzani umevaa tai.

"Daktari kasema usibebe kitu kizito kwa wiki sita," unasema. "Lete mkoba."

"Mkoba una leso na simu tu."

Nauweka. Mshale unaruka hadi kilo kumi na tisa. Mzani unafungua zipu na anatoka mwalimu wangu wa netiboli, filimbi mdomoni. Duka limekuwa uwanja wa shule, na mimi nina miaka kumi na mitano.

"Nyamizi, kaa nje," anasema. "Ukikimbia, watu hawautazami mpira."

Nakaa nje. Siku ile niliumia, na ndotoni naumia vilevile.

"Huyu peke yake kilo saba," unasema mzani. "Daktari alitoa kilo moja na robo. Zilizobaki ulizificha humu."

Kwenye benchi, pembeni yangu, imekaa fomu ya maswali ya kliniki, imekunja nne.

"Umeridhika na kifua chako?" inauliza. "Moja mpaka tano."

"Tano. Nalala vizuri, mgongo hauumi, nimenunua sidiria yenye maua."

"Mbona umejikunyata?"

"Mazoea."

"Mazoea hayana kisanduku," inasema, na haiandiki kitu.

Hapo sweta linakohoa.

"Mwalimu, nina miaka ishirini na sita kazini, tena kwenye jua la Tabora. Sijawahi kwenda likizo. Naomba sahihi."

Linatoa karatasi mfukoni. Nasitasita. Tumesharudi dukani, na kwenye benchi wamejaa wifi Kalunde na wanawake wote wa ukweni. Bila sweta wataniona. Lakini madai yake ni ya haki, nami ni mtumishi wa umma. Natia sahihi. Sweta linajivua, linajikunja vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja, linaondoka bila kuaga.

"Inua mikono, Mwalimu," anasema Mama Kulwa.

Naogopa, lakini nainua. Futi inanizunguka kifuani na kujisoma yenyewe, kama mtangazaji wa mpira: "Thelathini na tisa. Mwaka jana arobaini na nne."

Wifi Kalunde anavua miwani.

"Ile semina ilihusu nini hasa?"

"Nilipunguza matiti, wifi. Mgongo ulikuwa unauma, lakini hata usingeuma ningepunguza. Nilikuwa nimechoka."

"Kumbe," anasema. "Sisi tulijua una ugonjwa mbaya, unatuficha. Wiki tatu tuko magotini tunakuombea. Tazama magoti haya."

Wanawake wote wanapandisha khanga na kuonyesha magoti. Kweli yamechubuka. Fomu inaweka alama kwenye tano, kisha inamgeukia wifi.

"Na wewe, mkoba wako una kilo ngapi?"

Wifi anaukumbatia mkoba wake.

Nikaamka, kumeshapambazuka. Msumari wa nyuma ya mlango, linapotundikwa sweta, ulikuwa mtupu. Nikatafuta uvunguni, kwenye kamba, mpaka jikoni. Mume wangu hakuwa ameliona.

Simu ikaita. Wifi Kalunde.

"Tuko kwa fundi. Unakuja, au unatuma vipimo?"

Nilitazama ule msumari.

"Nakuja, wifi. Na mimi ni mzima kabisa, nitawaeleza hukohuko. Mwambie Mama Kulwa asome kwa sauti."

Kisha nikamsikia akiwageukia wenzake.

"Inukeni, jamani. Mwenyewe anasema ni mzima."